Usitie Dawa ya Watu Katika Chakula cha Nguruwe

Katika kijitabu hiki tumezoea kuwafundisha habari za maji, choo, chandalua na chakula cha watoto. Leo nataka kusema habari za nguruwe. Msicheke. Nguruwe anayefugwa nyuma ya nyumba ana sehemu yake katika afya ya nyumba hiyo, na tumbo lake likiharibika, watoto wa jirani waweza kulipa.

Najua wako ndugu wasiokula nyama ya nguruwe kwa sababu ya Mambo ya Walawi mlango wa 11. Waifuate dhamiri yao; sitaki kuleta ubishi huo hapa. Lakini hata asiyekula anakunywa maji ya kijito kile kile, na mtoto wake akiugua analazwa katika chumba kile kile pamoja na mtoto wa mfugaji. Basi maneno haya ni yake pia.

Sababu ya kuandika ni hii. Wachuuzi wanazunguka masokoni wakiuza unga wa dawa wa kuchanganya katika chakula cha nguruwe. Wafugaji wengine hawanunui hata unga huo. Wanafungua vidonge vya rangi mbili, vile vya tetrasiklini wanavyouziwa watu, na kuvimwaga katika pumba. Wanasema, "Hatahara, tena atanenepa upesi." Mtu ana watoto wanne shuleni, minervali inadaiwa, na nguruwe ndiye akiba yake yote. Simlaumu kwa kutaka anenepe upesi. Lakini nasema wazi kwamba desturi hiyo ni mbaya, na sisi watu wa Kanisa yatupasa tuwe wa kwanza kuiacha.

Ili mfahamu, sharti kwanza tutazame ndani ya tumbo.

Kwa kuwa kila siku tunawahimiza kunawa mikono, wengi wanadhani kila kijidudu ni adui. Sivyo. Katika matumbo ya mtu, na ya mbuzi, na ya nguruwe, vimo vijidudu vingi kupita hesabu, vidogo hata jicho haliwezi kuviona bila hadubini, na vilivyo vingi vinafanya kazi njema. Mtoto wa nguruwe akiwa tumboni mwa mamaye karibu hana kijidudu hata kimoja. Anavipata siku ile ile ya kuzaliwa: katika njia ya uzazi, katika chuchu, katika mavi ya mama yake, katika majani anayolalia na udongo anaouchimbua kwa pua. Baada ya siku chache tumbo limejaa wenyeji. Wamo wa jamaa ya laktobasili, ndugu wa wale wanaogeuza maziwa kuwa mtindi. Hawa wanafanya ukali kama wa siki ndani ya tumbo, na ukali huo ni boma ambalo adui wengi hawawezi kulivuka. Wamo wengine katika utumbo mpana, ambao kazi yao ni kuchachusha majani na maganda ambayo tumbo lenyewe halikuweza kuyasaga; na katika kazi hiyo unapatikana ukali mwingine unaolisha ukuta wa utumbo na kuutia nguvu. Tena wote pamoja wanajaza mahali. Nyumba iliyojaa wenyeji, mwizi hapati pa kulala.

Wezi nao wamo. Ziko koli za aina yenye sumu, iko salmonela, na wengineo. Wakiwa wachache na wenyeji wakiwa na nguvu, nguruwe haumwi, nawe huna habari nao. Basi swali kubwa la mfugaji ni hili: je, malezi yangu yanawapa nguvu wenyeji, au yanawapa nguvu wezi?

Tuanze na siku ya kuzaliwa. Mtoto wa mtu hupewa sehemu ya kinga ya damu angali tumboni mwa mama yake. Mtoto wa nguruwe hapewi. Mfuko wa uzazi wa nguruwe hauipitishi kinga hiyo, kwa hiyo anazaliwa mtupu kama askari bila ngao. Kinga yake imo katika maziwa ya kwanza, yale mazito. Na mlango wa kuipokea unafungwa upesi: baada ya siku moja, au moja na nusu, utumbo wake hauwezi tena kuipitisha kinga ile hata iingie katika damu. Mfugaji anayelala usiku wa kuzaa, asubuhi akakuta vitoto viwili dhaifu vimesukumwa kando na ndugu zao, amekwisha kupoteza saa nyingi zenye thamani. Amka, ushike kidhaifu, ukiweke kwenye chuchu. Kazi hiyo haina gharama hata ya franka moja, nayo yashinda unga wote wa sokoni.

Halafu yaja siku ya kuachisha ziwa, na hapa ndipo nguruwe wengi wanapopotea. Akina mama wanajua jinsi mtoto anavyokuwa akiachishwa ghafula kwa sababu mimba nyingine imeingia: anakonda, anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, anahara. Kwa nguruwe ni vivyo hivyo, ila kwake mambo yanakwenda mbio zaidi. Jana alikuwa na maziwa ya moto, leo ni pumba kavu. Jana alilala na mama yake, leo anapigana na wageni katika zizi jipya. Anakataa kula siku moja au mbili, kisha anakula kwa pupa chakula ambacho tumbo halijazoea. Wale wa jamaa ya laktobasili wanapungua, ukali wa tumbo unapungua, na koli zenye sumu zinaona mlango uko wazi. Ndipo mfugaji anakimbilia kwa mchuuzi.

Wafugaji wakubwa wa Ulaya wanalijua jambo hili vizuri, maana wao wanaachisha mapema sana. Sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka siku 28 kuwa kawaida, nayo inaruhusu siku 21 kwa masharti. Mnyama huyu akiachwa porini kunyonya apendavyo, ananyonya majuma 10 na zaidi. Ili kuzuia kuhara kwa vitoto walioachishwa mapema, kwa miaka mingi walitia dawa ya zinki kwa wingi katika chakula, mpaka Umoja wa Ulaya ulipoikataza mwezi wa Juni 2022, kwa kuwa zinki hiyo inatoka na mavi, inabaki katika udongo, tena inasaidia vijidudu sugu kuzidi. Wao wanaachisha mapema kwa sababu wanataka mama apate mimba tena upesi, na hesabu ya faida yao ni ya nguruwe maelfu. Wewe una mama mmoja au wawili. Kwa nini uchukue haraka yao bila kuwa na nyumba zao, wala taa zao za joto, wala vyakula vyao? Ngoja majuma 8. Kabla ya hapo, tangu juma la pili au la tatu, weka chakula laini kidogo mahali ambapo vitoto wanafika na mama hafiki, ili tumbo lijifunze polepole. Siku ya kuwatenga, mwondoe mama, uwaache vitoto katika zizi lao walilolizoea.

Jambo la tatu ni mahali pa kukaa. Mwaka 2009 wataalamu wa Aberdeen, katika nchi ya Uskoti, walitangaza kazi yao juu ya watoto wa nguruwe waliolelewa kwa njia tatu. Wengine walikaa nje pamoja na mama, juu ya udongo. Wengine walikaa ndani ya nyumba. Wengine walitengwa mahali safi kabisa na kupewa antibiotiki kila siku. Walipotazama utumbo, wale wa nje ndio waliokuwa na laktobasili nyingi kuliko wote. Wale waliolelewa katika usafi ule mkubwa walikuwa na chache, na jamaa za vijidudu vyenye kuleta magonjwa zilikuwa zimepata nafasi zaidi.

Basi, je, tuwafungue nguruwe wote wazurure kijijini? La, hata kidogo! Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu najua wako watakaosoma mistari ya juu na kufurahi. Nguruwe anayezurura hapa kwetu anakula mavi ya watu, na katika mavi hayo yamo mayai ya tegu. Mayai yanakuwa vilenge katika nyama yake. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu tumboni. Na mayai ya tegu huyo, yakifika kinywani mwa mtu kwa mikono michafu au maji machafu, yanakwenda kufanya vilenge hata katika ubongo, nao ni chanzo kimoja kikubwa cha kifafa katika vijiji vyenye nguruwe wa kuzurura. Si uchawi, wala si pepo. Tena iko homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina dawa, nayo yaweza kumaliza nguruwe wa kijiji kizima. Anayezurura ndiye anayeibeba kutoka zizi hata zizi. Israeli walipokuwa jangwani waliagizwa watoke nje ya kambi, wachimbe shimo na kufukia. Habari hiyo imo katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 23. Nyumba isiyo na choo isifuge nguruwe. Hilo ndilo shauri langu, na wazee wa Kanisa wakilifanya kuwa kanuni mimi nitapiga makofi.

Kwa hiyo mfunge nguruwe, lakini usimfunge katika gereza la matope. Mpe zizi lililoinuka, lenye paa na sakafu kavu, na majani makavu ya kulalia yanayobadilishwa. Kisha umletee ndani yale mema ya nje. Watoto wa nguruwe wakiwa juu ya saruji au mbao wanakosa pia madini ya chuma, maana maziwa ya mama yao hayana ya kutosha. Chimba udongo mahali ambapo hapajapita nguruwe wala mtu kwenda haja, uwamwagie kidogo kila siku. Utaona jinsi wanavyoukimbilia.

Sasa nirudi kwenye unga wa mchuuzi. Sitawaambia kwamba haunenepeshi. Karibu na mwaka 1950 wataalamu wa Marekani waliona kuku waliopewa mabaki ya kutengenezea aureomisini wanakua upesi kuliko wenzao, na baada ya hapo desturi ikaenea kwa nguruwe na katika nchi nyingi. Lakini yalionekana mambo mawili. La kwanza, faida ya unga ni kubwa pale penye uchafu na msongamano. Penye zizi safi na malezi mema, faida inapungua sana. Maana yake, mfugaji anayeununua analipa kwa fedha kile ambacho angeweza kukipata kwa jembe na ufagio.

La pili ndilo linalonifanya nishike kalamu. Dawa kidogo kidogo kila siku haiui vijidudu vyote. Inaua vilivyo dhaifu, wenyeji wema pamoja na wezi, na inaviacha vile sugu ambavyo dawa haiviwezi. Mahali palipoachwa wazi, sugu hao wanazaana. Tena kijidudu sugu hakiufichi ujuzi wake. Anao kama waraka mdogo ndani ya mwili wake, naye aweza kumpa mwenzake nakala, hata mwenzake asiyekuwa wa jamaa yake.

Mwezi wa Novemba 2015 wataalamu wa China walitangaza kwamba wameupata waraka wa namna hiyo, nao wakauita mcr-1, katika koli iliyotoka kwa nguruwe. Waraka huo unamfundisha kijidudu kuishinda kolistini. Kolistini ni dawa ambayo waganga wa watu wanaiweka ya mwisho kabisa, kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zote zimeshindwa. Na kule China walikuwa wakiwalisha nguruwe kwa matani ili wanenepe. Walipotafuta zaidi wakaupata waraka ule ule katika nyama ya sokoni na katika wagonjwa wa hospitali. Haukupita muda mrefu ukaonekana katika nchi nyingi za dunia. Mwaka 2017 serikali ya China ikakataza kolistini ya kunenepesha, na katika miaka iliyofuata vijidudu hivyo sugu vikapungua, katika nguruwe na katika watu pia.

Sasa tafakari, ndugu. Kutoka zizini hata kinywani mwa mtoto si mbali. Mavi yanachukuliwa na mvua mpaka kijitoni. Yanatiwa katika mchicha yangali mabichi. Mchinjaji anapasua utumbo, anapangusa kisu kwa jani, anakata nyama ya jirani. Moto wa sufuria unaua vijidudu vya nyama, hilo ni kweli, lakini hauoshi mikono ya aliyeikata. Kijidudu sugu kinapoingia tumboni mwa mtu, pengine hakimdhuru siku hiyo. Kinakaa. Kisha mama yule anapasuliwa ili azae, au mtoto wake mchanga anapata uchafu katika damu, nasi tunafungua kabati la dawa. Katika mji mkubwa wa Ulaya, dawa ya kwanza ikishindwa, iko ya pili, ya tatu, ya nne. Katika hospitali ya misheni kabati ni moja, na chupa ndani yake zinahesabika. Dawa ya kwanza ikishindwa tunajaribu ya pili. Baada ya hapo tunaomba, na kuomba ni kwema, lakini Mungu alikuwa amekwisha kutupa dawa nasi tumeimwaga katika pumba.

Wengine watajibu, "Wazungu wenyewe waliutumia unga huo wakatajirika." Waliutumia, kisha wakauacha. Sweden iliukataza mwaka 1986, ya kwanza kuliko zote. Mwanzoni vitoto walioachishwa walihara sana, na wafugaji wakalalamika. Ndipo wakajifunza kuachisha baadaye, kupunguza msongamano, kutandika majani makavu, kubadili chakula. Denmark, nchi ndogo inayouza nguruwe dunia nzima, ilianza kuuacha miaka ya 1990 na kumaliza karibu na mwaka 2000, na biashara yake ya nguruwe haikufa. Tena walijifunza jambo la ajabu. Mwaka 1995 walikataza dawa iitwayo avoparsini, nduguye vankomisini ya watu. Katika kuku vijidudu sugu vikapungua, lakini katika nguruwe vikaendelea, mpaka ilipopunguzwa dawa ya pili, tailosini, mwaka 1998, maana nyaraka za kuzishinda dawa hizo mbili zilikuwa zimefungwa pamoja. Kwa hiyo usiniambie, "Mimi natia tetrasiklini tu, dawa ya zamani." Hujui waraka wake umefungwa pamoja na nini. Umoja wa Ulaya wote ulikataza antibiotiki za kunenepesha tarehe 1 Januari 2006, na Shirika la Afya Duniani likashauri mataifa yote vivyo hivyo mwezi wa Novemba 2017.

Chakula nacho kina neno lake. Nguruwe hahitaji unga wa mji. Matembele, majani ya sombe yaliyonyaushwa vizuri, maganda ya ndizi, makapi ya mise baada ya kukamua mafuta, pumba za mpunga na za mahindi: nyuzi zilizomo katika vyakula hivyo ndizo chakula cha wale wenyeji wa utumbo mpana. Muhogo mchungu uloweshwe na kuanikwa kwanza, kama mnavyofanya kwa bugali yenu, kwa sababu ya sumu yake. Makombo yenye nyama yachemshwe, kwa ajili ya ile homa niliyoitaja. Majirani wengine hutumia machicha ya pombe; sisi tusiotengeneza pombe tunaweza kupata faida ile ile bila dhambi. Changanya pumba na maji safi katika pipa lenye kifuniko, uache siku moja au mbili mpaka ichachuke na kutoa harufu kama ya mtindi. Kila unapotoa, bakiza kidogo chini iwe chachu ya siku inayofuata. Ukali ule wa pipa ni ule ule wa tumbo zuri, na salmonela na koli haziupendi. Ikitoa harufu mbaya ya kuoza, au ikiota ukungu, imwage, usugue pipa, uanze upya.

Mavi uyalundike shimoni pamoja na majani, mbali na kijito na kisima, uyafunike kwa miezi kadhaa kabla ya kuyapeleka kwenye mboga. Mwenye kulisha na kufagia anawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Nguruwe akiugua kweli, sikusema asitibiwe. Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba mtu wa haki hutambulika hata kwa jinsi anavyomtunza mnyama wake. Vitoto wakihara, wape kwanza maji ya chumvi na sukari kama yale tunayowafundisha akina mama: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Wakaushie mahali pa kulala, watie joto. Kisha mwite veterineri wa serikali au munganga wa mifugo anayejulikana. Akisema inahitajika sindano, apigwe yule mgonjwa kwa siku zote zilizoagizwa, wala si kundi lote katika pipa la chakula. Muulize ni siku ngapi zipite kabla ya kuchinja, uandike tarehe juu ya mlango wa zizi kwa makaa. Na kama amekufa ghafula, ana madoa mekundu masikioni na tumboni, usimgawe nyama wala usimpeleke sokoni. Mfukie ndani sana, uwaambie jirani zako siku hiyo hiyo wafunge mazizi yao.